"Au" na "Na": Neno Moja Laweza Kuipindua Kura



Tulipokuwa tukidai kurudishwa kwa mfumo wa vyama vingi, wengi wetu tuliamini kwamba adui yetu alikuwa sheria mbaya. Mwezi Juni mwaka 1982 Bunge lilipachika katika Katiba kifungu cha 2A, nchi nzima ikafungiwa ndani ya chama kimoja. Basi tukasema: kifungu hiki kifutwe, na uhuru utakuja. Kilifutwa Desemba 1991, na mwaka mmoja baadaye Wakenya walipiga kura wakiwa na zaidi ya chama kimoja mbele yao. Lakini haukupita muda tukajifunza somo ambalo hakuna mhutubu wa jukwaani aliyetufundisha: kwamba sheria haijisomi yenyewe. Kati ya maneno yaliyoandikwa na haki inayomfikia mwananchi amekaa msomaji, na msomaji huyo ni jaji.

Twaandika makala haya kutoka Rodi Kopany, njia panda ambapo wasafiri wa Homa Bay, Rongo na Ndhiwa hukutana. Siasa huzungumzwa hapa asubuhi hadi jioni. Twajua majina ya wabunge na ya wawakilishi wa wadi, twajua ni nani amehama chama gani na kwa nini. Ila tukiulizwa ni kwa kanuni gani mahakama huisoma sheria ya uchaguzi, wengi wetu hunyamaza na kusema hayo ni mambo ya mawakili. Sisi twashikilia kwamba huko ni kujidhulumu. Mwananchi anayeilinda kura yake kituoni, kisha asijue jinsi inavyosomwa mahakamani, ni mkulima aliyefukuza ndege shambani akaliacha ghala bila mlango.

Tulirithi nini kutoka Uingereza

Namna ya kusoma sheria inayotumika katika mahakama zetu haikuzaliwa Nyanza wala Nairobi. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 yasema kwamba, baada ya Katiba na sheria zilizoandikwa, mahakama zetu zitafuata kiini cha sheria ya kawaida ya Uingereza, kanuni za usawa, na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Tarehe hiyo ndiyo mstari uliochorwa na wakoloni, nasi tuliubakiza katika vitabu vyetu baada ya bendera kubadilishwa. Pamoja na sheria hizo tulirithi pia mazoea ya kuzisoma.

Mazoea hayo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni kusoma neno kama lilivyo: ikiwa maneno yana maana iliyo wazi, jaji huyafuata hata kama matokeo yanamkera. Ya pili ni kulegeza kidogo: ikiwa maana ya wazi inaleta upuuzi, jaji aweza kuchukua maana nyingine ambayo maneno hayo yaweza kuibeba. Ya tatu, iliyoelezwa na majaji wa Uingereza tangu mwaka 1584 katika kesi ya Heydon, ni kuuliza: kabla ya sheria hii kulikuwa na ubaya gani, na Bunge lilitaka kuuponya vipi? Jaji humaliza kazi yake kwa kuusoma waraka kwa namna itakayouponya ubaya ule.

Anayetaka kuona hatari ya kusoma neno peke yake na aitazame kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1868, iitwayo Whiteley na Chappell. Mtu mmoja alikwenda kupiga kura kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Sheria ilimwadhibu yeyote ajifanyaye kuwa "mtu mwenye haki ya kupiga kura". Majaji wakaitazama sheria ile neno kwa neno, wakasema: maiti hana haki ya kupiga kura, kwa hiyo mshtakiwa hakujifanya kuwa mtu mwenye haki hiyo. Akaachiliwa. Bunge la Uingereza liliiziba pengo hilo katika sheria ya uchaguzi ya mwaka 1872 kwa kuwataja wafu waziwazi. Wasomaji wetu, ambao wamesikia mara nyingi malalamiko kuhusu marehemu wanaofufuka siku ya uchaguzi, hawahitaji kuelezwa zaidi kwa nini jambo hili latuhusu.

Nguvu ya uamuzi uliotangulia

Urithi wa pili ni kanuni ya kufuata maamuzi yaliyotangulia. Kwa ufupi, mahakama ya chini hufungwa na uamuzi wa mahakama iliyo juu yake, na kesi zinazofanana huamuliwa kwa namna inayofanana. Kinachofunga si kila neno lililotamkwa na jaji, bali ni ile sababu ya kisheria ambayo bila yake uamuzi usingesimama. Mengine aliyoyasema njiani yaweza kuheshimiwa, lakini hayamfungi mtu.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni geni kwa watu wetu. Jodongo, yaani wazee wa ukoo, wakiketi kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, huanza kwa kuuliza: ugomvi wa namna hii ulipotokea kwa fulani, wazee waliokuwapo waliamua nini? Hawaulizi hivyo kwa uvivu wa kufikiri. Wanajua kwamba wakimpa mmoja hivi leo na mwingine vile kesho, hakuna atakayewatii siku ya tatu. Kufuata yaliyoamuliwa ni njia ya kumwambia mnyonge kwamba sheria haitabadilika kwa sababu mpinzani wake ana gari na yeye ana baiskeli.

Hata hivyo uamuzi uliotangulia waweza kuwa ngome ya haki, na waweza kuwa gereza. Waingereza wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1898 mahakama yao ya juu kabisa wakati ule, iliyokuwa katika Baraza la Malodi, ilijifunga kwa maamuzi yake yenyewe, hata yale iliyoyaona kuwa na kasoro. Mwaka 1966 ikatangaza kwamba tangu hapo itaweza kuyaacha pale inapoonekana kuwa ni haki kufanya hivyo. Huku kwetu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilichukua msimamo kama huo mwaka 1970 katika kesi ya Dodhia na Benki ya National and Grindlays. Kwa hiyo jaji wa mahakama ya juu anayesema kwamba mikono yake imefungwa kabisa na kosa la zamani hasemi kweli yote. Kamba ipo, lakini fundo lake laweza kufunguliwa kwa sababu nzuri zinazoelezwa hadharani.

Jinsi kanuni hizi zilivyotumika dhidi yetu

Hebu sasa tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1969, katika kesi ya Jamhuri na El Mann, Mahakama Kuu iliulizwa ikiwa mtu aliyelazimishwa kujibu maswali ya maandishi chini ya sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni alikuwa amevunjiwa haki ya kutojishuhudia. Mahakama ilijibu kwamba Katiba husomwa kama sheria nyingine yoyote ya Bunge: maneno yake yakiwa wazi, basi ni hayo tu. Katiba ilitaja kulazimishwa kutoa ushahidi katika kesi, nayo fomu haikuwa ushahidi uliotolewa kizimbani. Kwa uamuzi huo, hati iliyozaliwa kwa jasho la wapigania uhuru ikawekwa katika rafu moja na sheria za leseni, na uamuzi wenyewe ukatajwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 30.

Miaka ya 1980 ilipofika, mbegu hiyo ilizaa matunda machungu. Kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani kilimruhusu mtu aliyevunjiwa haki zake za kimsingi kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja. Kiliongeza kwamba Jaji Mkuu aweza kutunga kanuni za utaratibu wa kesi hizo. Kanuni hazikuwa zimetungwa. Wakili Gibson Kamau Kuria alipodai haki zake, Jaji Mkuu Cecil Miller aliamua kwamba bila kanuni hizo kifungu hicho hakiwezi kufanya kazi. Mwaka 1989, katika kesi ya Joseph Maina Mbacha na wenzake, Jaji Dugdale alifuata njia hiyo hiyo. Tazameni ajabu hii, ndugu wasomaji: sura nzima ya haki za binadamu ilifungwa mlango kwa sababu mwenye ufunguo hakuuchonga, na mwenye ufunguo alikuwa mkuu wa mahakama yenyewe. Kanuni zilitungwa mwaka 2001.

Mwaka huo huo wa 1989 Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo refu lisijengwe katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Aliambiwa kwamba hana haki ya kufika mahakamani juu ya jambo hilo, kwa kuwa haikuonekana jinsi yeye binafsi atakavyodhurika zaidi ya watu wengine. Kanuni hiyo nayo ilitoka Uingereza: mali na haki ya umma hutetewa na Mwanasheria Mkuu. Lakini je, Mwanasheria Mkuu wa wakati ule angeishtaki serikali iliyomteua, hali ulinzi wa kazi yake ulikuwa umeondolewa katika Katiba mwaka 1986? Majaji nao waliondolewa ulinzi wao mwaka 1988, ukarudishwa mwaka 1990. Hivyo twawaomba wasomaji wasimhukumu jaji wa siku zile kwa falsafa yake peke yake. Neno kavu la sheria lilikuwa pia pango la kujifichia. Jaji aliyeogopa kumkasirisha mkubwa aliweza kusema, bila aibu, kwamba anafuata herufi.

Ndipo ukaja wakati wa vyama vingi, na pango likahamishiwa katika kesi za uchaguzi. Kenneth Matiba aliwekwa kizuizini mwaka 1990 kwa kudai vyama vingi, na akiwa humo akapatwa na kiharusi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1992 alipinga ushindi wa Rais Moi mahakamani. Kwa kuwa hakuweza kuandika kama zamani, mkewe alitia sahihi kwa niaba yake kwa hati ya uwakili. Kesi ikatupwa: kanuni zilitaka sahihi ya mlalamikaji mwenyewe. Mkono uliodhoofika kizuizini ukawa ndio sababu ya mwenye mkono kutosikilizwa.

Baada ya uchaguzi wa 1997 zamu ilikuwa ya Mwai Kibaki. Sheria ilitaka mshtakiwa akabidhiwe hati za kesi ndani ya siku 28. Mahakama ilisema kukabidhiwa maana yake ni kukabidhiwa mkononi, na Desemba 1999 Mahakama ya Rufaa ikalithibitisha hilo. Mkononi mwa nani? Mkononi mwa Rais wa nchi, aliyezungukwa na walinzi usiku na mchana. Na kwa kuwa sasa ulikuwa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, kesi nyingine za uchaguzi zilizofuata, za wabunge wa pande zote, zilikatwa shingo kwa panga hilo hilo. Hivyo ndivyo kusoma herufi na kufuata maamuzi huungana: la kwanza hutengeneza panga, la pili hulinoa kwa ajili ya kila shingo ijayo.

Mkondo ulivyogeuka

Mageuzi hayakuja kwa siku moja. Mwaka 2000, katika kesi ya Crispus Karanja Njogu, Mahakama Kuu ilikataa kuisoma Katiba kama sheria ya kawaida. Mwaka 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Jaji Ringera aliieleza Katiba kuwa hati yenye uhai, inayopaswa kusomwa kwa kuzingatia maadili na malengo ya taifa. Kisha tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikazinduliwa, na mambo ambayo hapo awali yalitegemea ujasiri wa jaji mmoja mmoja yakaandikwa kwa wino.

Wasomaji wetu wazikariri ibara hizi kama wanavyozikariri nambari za simu zao. Ibara ya 259 yaamuru Katiba ifasiriwe kwa namna inayokuza madhumuni na maadili yake. Ibara ya 159 yasema haki itolewe bila kujali mno vikwazo vya kiutaratibu. Ibara ya 22 na ya 258 zampa kila mtu haki ya kufika mahakamani kwa manufaa ya umma. Kama zingekuwapo mwaka 1989, Wangari Maathai asingefungiwa mlango ule. Ibara ya 87 yaruhusu mshtakiwa katika kesi ya uchaguzi ajulishwe kwa tangazo katika gazeti la kitaifa. Kama ingekuwapo mwaka 1998, Kibaki asingehitaji kumfukuzia Rais mkononi. Na ibara ya 163 yasema mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe, zitafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Kila moja ya ibara hizi ni kovu lililogeuzwa kuwa ngao.

Kisa cha "au" na "na"

Sasa tufike kwenye neno lililoko katika kichwa cha makala haya. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 kilisema kwamba uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kukiukwa kwa sheria ikiwa yaonekana uliendeshwa kwa misingi ya Katiba na sheria, au kwamba ukiukaji huo haukuathiri matokeo.

Tutoe mfano mwepesi. Tuseme mwenye nyumba ameandika mlangoni: "Mgeni hatafukuzwa ikiwa ana barua au ana mdhamini." Kwa herufi tupu, mgeni mwenye barua peke yake atabaki. Anayetaka afukuzwe itambidi aonyeshe kwamba hana barua na pia hana mdhamini. Lakini mlangoni pakiandikwa "na", mgeni lazima awe na vyote viwili, na kukosa kimoja kwatosha kumfukuza.

Kwa hesabu hiyo, mtu angetarajia kwamba neno "au" katika kifungu cha 83 lingemlinda mshindi. Haikuwa hivyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais, na ikasema kwamba mlalamikaji hushinda akithibitisha moja kati ya mawili: ama uchaguzi haukufuata misingi ya Katiba, ama kasoro ziliathiri matokeo. Katika kufikia hapo walio wengi waliitazama kesi ya Uingereza ya Morgan na Simpson, iliyoamuliwa mwaka 1974. Katika uchaguzi wa eneo la Croydon, karatasi 44 za kura zilikataliwa kwa kuwa maofisa hawakuzipiga mhuri. Mshindi alikuwa ameongoza kwa kura 11. Karatasi zile zingehesabiwa, mpinzani wake angeshinda kwa kura 7. Lord Denning na wenzake waliubatilisha uchaguzi ule ingawa kwa jumla ulikuwa umeendeshwa vizuri, kwa sababu kasoro ile ilibadilisha matokeo. Denning alieleza pia kwamba uchaguzi ulioendeshwa vibaya mno hubatilika hata kama matokeo hayakubadilika.

Lakini sheria ya Waingereza ilitumia neno "na". Yetu ilitumia "au". Mahakama mbili, maneno mawili yanayopingana, na zote zikafika kwenye kijiji kimoja! Mtu wa herufi atasema hapa pana kasoro ya mantiki, nasi hatutamdanganya msomaji kwamba hoja hiyo haina uzito. Sisi twaona jibu li katika Katiba. Kifungu cha 83 hakisimami peke yake. Juu yake ipo ibara ya 81, inayotaka uchaguzi uwe huru, wa haki na wenye uwazi, na ibara ya 86, inayotaka mfumo wa kura uwe sahihi na wa kukaguliwa. Ikiwa uchaguzi usiokaguliwa waweza kuokolewa kwa kusema tu kwamba tofauti ya kura ni kubwa, basi atakayeiba sana atakuwa salama kuliko atakayeiba kidogo. Hakuna mtunga sheria mwenye akili timamu aliyekusudia hivyo. Ubaya uliotakiwa kuponywa ulijulikana kwa kila Mkenya aliyeuona mwaka 2007, na dawa ilisomwa kwa kuutazama ugonjwa.

Wenye madaraka waliielewa hatari mara moja. Kabla mwaka 2017 haujaisha, Bunge lilibadilisha kifungu hicho, likaweka "na" mahali pa "au", na kuongeza kwamba kasoro ziwe zimeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Walioyatetea mabadiliko hayo walitaka mlalamikaji athibitishe yote mawili. Aprili 2018 Jaji Mwita wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Taasisi ya Katiba, aliyatangaza mabadiliko hayo na mengine kadhaa kuwa kinyume cha Katiba. Na tuzingatie kichekesho chake: kwa herufi tupu, "na" lile lingerahisisha kazi ya mlalamikaji, kama ilivyo kwa mgeni wa mfano wetu. Waliokimbilia herufi hawakuweza hata kuzihesabu.

Je, roho ya sheria ni matakwa ya jaji?

Wapo marafiki zetu wanaouliza swali gumu: mkimruhusu jaji kuitafuta roho ya sheria, ni nini kitakachomzuia kuiweka roho yake mwenyewe? Swali hili hatulikwepi, maana sisi wa Homa Bay tumelionja. Februari 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Homa Bay iliubatilisha uchaguzi wa Gavana Cyprian Awiti, baada ya kesi iliyoletwa na Oyugi Magwanga. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Februari 2019 Mahakama ya Juu ikazipindua zote mbili, ikamrudishia Gavana ushindi wake. Sheria ilikuwa moja, kura zilikuwa zile zile, na mahakama mbili zikasema hivi, ya tatu ikasema vile. Wapo walioshangilia hapa sokoni, na wapo walioondoka wakisema kwamba sheria ni kinyonga.

Kuna pia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa Mei 1987. Mjane wake, Wambui, alitegemea sheria za Kiingereza zinazompa msimamizi wa mali haki ya kuuzika mwili. Ukoo wa Umira Kager ulitegemea mila ya Waluo, na Sheria ya Mahakama inayosema kwamba mila itaongoza kesi za madai pale isipopingana na sheria iliyoandikwa wala kuchukiza haki na maadili. Ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga. Wengi wa watu wetu walifurahi, wakasema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mjane naye alikuwa na kilio chake, na leo ibara ya 2 ya Katiba yasema mila inayopingana na Katiba ni batili. Uamuzi ule wa 1987 hauwezi kusomwa leo kana kwamba mwaka 2010 haukufika. Anayetaka roho ya sheria ifuatwe katika kesi ya kura sharti akubali ifuatwe pia katika kesi ya mjane.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Roho ya sheria si upepo. Ina makao, nayo ni maneno ya Katiba, historia ya ubaya uliokusudiwa kuponywa, na maamuzi yaliyotangulia. Jaji anayeyaacha maneno yaliyo wazi sharti aonyeshe ni lengo gani la Katiba lililomlazimisha. Jaji anayeuacha uamuzi uliotangulia sharti auite kwa jina, aeleze kosa lake, na akubali kwamba kanuni mpya itamfunga kesho atakapokuja rafiki yake. Sababu zinazotolewa hadharani ndizo kizuizi cha jaji, kama vile kura ilivyo kizuizi cha mbunge.

Nasi wapenda mageuzi tuna nidhamu ya kujifunza. Tulipobatilishiwa uchaguzi mwaka 2017 tuliwaita majaji mashujaa. Tarehe 5 Septemba 2022, mahakama hiyo hiyo ilipoyakataa madai ya upande ambao wengi wetu hapa tuliuunga mkono, wapo miongoni mwetu waliowaita wasaliti kabla ya kusoma ukurasa mmoja wa hukumu. Haiwezekani tuisifu kanuni siku ya ushindi na kuitukana siku ya kushindwa. Anayefanya hivyo hajaacha siasa za chama kimoja; amebadilisha jina la chama tu.

Tunalodai

Kwanza, twadai hukumu za kesi za uchaguzi na za haki za umma ziandikiwe muhtasari kwa Kiswahili, ambacho kwa ibara ya 7 ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Mwananchi hawezi kutii wala kukosoa asichokielewa.

Pili, twadai wabunge wetu wasiguse hata neno moja la sheria za uchaguzi bila wananchi kuulizwa, na wanaotaka kubadilisha waeleze kwa mfano ulio wazi ni nani atakayenufaika. Tumeona jinsi herufi mbili zinavyoweza kubeba nchi nzima.

Tatu, twapinga kila jaribio la kupunguza bajeti ya mahakama au kuwatisha majaji kwa sababu ya hukumu walizotoa, liwe limetoka serikalini au upande wetu wenyewe. Miaka ya 1988 hadi 1990 ilitufundisha jinsi jaji asiye na ulinzi anavyosoma sheria.

Nne, twawaomba wasomaji, kila kesi ya umma inaposikilizwa Homa Bay au Migori, wajitokeze wakae kimya mahakamani na wasikilize. Mlango wa mahakama u wazi kwa sheria, nao hauna kiingilio. Jaji anayesoma sheria mbele ya benchi tupu hasomi sawasawa na yule anayesoma mbele ya watu wanaojua tofauti ya "au" na "na".

Vyama vingi tulivipata kwa kuandamana. Maana ya sheria tutailinda kwa kusoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa safari hii unaweza kuwa mwembamba kama neno moja.